Shughuli ni Watu

Ukumbi wa Mabela walitaka rial elfu mbili na mia nane,
maua mbali, kiti cha bibi harusi mbali.
Suwed akaandika hesabu nyuma ya risiti ya petroli,
akaikunja. Tukacheka.

Shangazi Shinuna hakucheka.
"Watasema ndoa ya mkeka.
Shughuli ni watu, mwanangu."

Jumatatu, saa nne na nusu,
kaka yangu Zahran akaja na sare ya kazini
kutia saini mahali pa walii.
Kalamu ikagoma, akaazima ya karani.
Shahidi mmoja tulikwenda naye;
wa pili tulimwokota kwenye korido,
mzee wa Ibra aliyefuata hati ya kiwanja.
Mahari: rial hamsini,
na friji aliyoitanguliza tangu Machi.

Nje, joto la Juni likatupiga kibao.
Halwa nusu kilo, vijiko vya plastiki,
tukala garini, kiyoyozi kikinguruma.

Shangazi akapiga simu. "Mlikuwa wangapi?"
Nikahesabu kwa vidole,
nikamtia na yule mzee wa kiwanja
aliyefuta machozi kwa ncha ya kilemba, sijui kwa nini.
"Tulikuwa watu, shangazi."