Goti la Skolastika

Saa nane usiku, kituo cha afya Uvinza.
Kifafa cha mimba kimemwachia, ulimi una jeraha.
Amelalia ubavu wa kushoto.

Mumewe, Ntakije, viganja vimechanika kwa kazi ya kiwandani,
anatazama chupa: "Ni chumvi tu hiyo?"
Chumvi, shemeji.
Ila hii haikadiriwi kwa kiganja.

Nasoma kibandiko. Tedi naye anakisoma, kwa sauti,
utadhani hatuaminiani.
Tunazimua, tunasukuma polepole,
macho kwenye saa ya ukutani iliyo nyuma dakika tatu.

Halafu kazi yenyewe, kungoja.
Pumzi: kumi na nane.
Mkojo: umeongezeka kidogo mfukoni.
Nagonga goti kwa ukingo wa kiganja, hodi,
na mguu unaruka.

Goti likinyamaza nitafunga mrija kwanza,
maswali baadaye.
Kalsiamu iko kwenye trei,
bomba lake limeshabandikwa jina.

Saa kumi na moja treni ya Kigoma inapiga honi.
Nagonga tena.
Shuka linatikisika,
na Ntakije, usingizini kwenye benchi,
anaitika: "Karibu."