Hana Deni

Nimemlaza ubavu Matondoni, mchangani.
Boriti nne za mkoko zimemshika kama mgonjwa
anayegeuzwa aoshwe mgongo.
Jina bado linasomeka nyuma, kijani kilichobambuka:
HANA DENI.
Mwenye deni ni mimi, kwenye daftari la mistari:
pamba kilo sita,
sifa debe moja, inanuka hadi ndotoni,
misumari ya kuchovywa, kwa bei ya Langoni isiyo na haya,
punda wanne,
chai ya mafundi, chai ya mafundi, chai ya mafundi.

Fundi Famau hajibu upesi.
Hugonga ubao kwa kifundo cha kidole, huweka sikio,
husogea shibiri moja, hugonga tena.
"Huu mzima. Huu mzima."
Kisha sauti hubadilika, kama mtu aliyekatizwa kusema,
na penseli hutoka nyuma ya sikio
kuchora msalaba.
Nilifika misalaba kumi na saba
nikaacha kuhesabu.

Mimi nataka kamba za nailoni, taa ya sola mlingotini,
pampu ya mkono badala ya upo.
Nailoni amekubali. Taa amekubali.
Kuhusu pampu ameuliza tu:
"Ikiziba usiku, utaizibua kwa meno?"
Nimeandika pampu. Nimeikata.
Nimeiandika tena kwa herufi ndogo.

Shebwana, mwanagenzi, anakalafati tangu alfajiri,
nyundo ya mti, patasi butu,
ufa unameza pamba kama mtoto anayelishwa kwa nguvu.
Vidole vyake vimelowa sifa
hata simu yake imekataa kumtambua.

Siku ya tisa, chini ya taruma ya nne,
tulipokwangua uchafu wa ngama,
likatokea bati.
Bati la mafuta ya kupikia, limepasuliwa, limepondwa likawa bapa,
pamba na lami chini yake,
misumari ya viatu pembeni, karibu karibu kama mshono wa kofia.
Famau akacheka puani:
"Kazi ya babako hii. Fundi haweki bati hapa.
Mwenye haraka ndiye huweka."
Nikamkasirikia marehemu palepale, jua la saa sita.
Miaka kumi na mitano tumepanda juu ya hilo,
mama na magunia yake ya nazi,
harusi ya Mwanahalima nzima na ngoma zake,
kati yetu na maji unene wa ukucha!

Shebwana akalisugua kwa mchanga.
Ncha ya msumari, mwandiko unaolalia kushoto:
Januari, na mwaka.

Sikuwaambia kitu.
Januari ile nilikuwa Mombasa, foleni ya chuo,
stakabadhi mkononi, ada imelipwa yote,
namwambia msichana wa mbele yangu
kwamba kwetu si haba, baba ana chombo.

Ubao wa mbambakofi ulikuwa bei gani mwaka ule?
Nimeuliza. Famau hukumbuka bei za mbao
kuliko majina ya wajukuu.
Alinitajia.
Daftarini haina mstari wake.

Ubao tumeutoa, bila shaka.
Ulikuwa umeoza pande zote za bati
isipokuwa chini yake.
Mpya tumeupinda kwa moto na maji, saa mbili nzima,
watu watano tumeukalia, mmoja akiutukana.
Shahamu tumepaka kwa viganja, nyeupe kama uji.
Jina nimeliandika mwenyewe;
N ya pili imetoka kubwa kuliko mwenzake.

Leo bamvua limemnyanyua kabla sijawa tayari.
Na amevuja.
Kidogo, hapa na pale, kwenye mbao ngeni.
"Mpe maji mawili," asema Famau, akitafuta kiatu chake kimoja.
"Zikifura zitafahamiana."

Pampu imo sandukuni, sijasoma maelezo yake.
Nimechuchumaa ngamani,
nafua maji kwa bati lile lile, nimelikunja kingo.
Matundu ya misumari yanarudisha kiasi.
Nachota tena.