Hewa ya Belarmino

Jumanne saa tisa alasiri nimefungua tena mlango
baada ya miezi kumi na mitano.
Kufuli liligoma. Nikalitia mafuta ya kupikia.
Kalenda ukutani bado ilikuwa Machi,
na kando ya mashine ya kahawa kikombe cha mtu
kilikuwa kimeota ukungu, ukakauka, ukawa vumbi.

Walizoea kuja watu sitini. Leo ni kumi na wanne,
kwa majina, kwa zamu, sindano mbili kila mmoja,
na cheti kimekunjwa pochini
pamoja na picha za wajukuu.
Karata hapana: karata haziogi.
Domino sawa. Nimeziloweka usiku kucha
katika beseni la maji ya sabuni,
nikazianika kwenye taulo, zote ishirini na nane,
kama meno ya bandia ya jitu.

Mita mbili nimezipima kwa utepe wa cherehani wa mama.
Viti visivyokaliwa nimevifunga kitambaa chekundu.
Kimoja, karibu na bomba la joto, sikukifunga.
Kilikuwa cha Senén, aliyeondoka Aprili ile ya kwanza,
tukamzika watu watatu, mvua, na padri mwenye haraka.
Nilidhani mtu angekikalia.
Hakuna aliyekikalia.

Eulogia amekuja na koti la manyoya, Juni hii,
maana ameambiwa madirisha hayatafungwa.
Covadonga hasikii; maisha yake yote anasoma midomo,
na midomo ndiyo hiyo imejificha.
Kwa ajili yake nimevaa barakoa yenye kidirisha cha plastiki.
Nikicheka inajaa mvuke.
"Acha kucheka," anasema, "sikusikii."

Manispaa imetupa kisanduku cheupe cha kupima hewa.
Karatasi yake inasema: ikipita mia nane, fungua.
Mia nane ya nini, haisemi.
Belarmino akakigeuza mkononi kama anayekagua yai.
Miaka thelathini na mmoja chini ya mlima huu,
kazi yake hewa ya wenzake;
kifua chake bado kinalipia makaa yale.
"Sisi hatukuwa na tarakimu. Tulikuwa na taa.
Mwali ukiinama, unatoka.
Huulizi. Hurudii koti."

Basi kazi ya madirisha ikawa yake, bila kura.

Meza mbili nimeziunganisha, wachezaji wanne pembeni,
na kipande kisichofikika kinasukumwa kwa mkongojo.
Herminio, ambaye hajawahi kucheza kimya,
akabamiza sita-sita yake
hata vikombe vikaruka.
Covadonga, viganja vyake mezani, akainua uso:
"Hiyo nimeisikia."

Saa kumi na robo: mia nane na arobaini.
Belarmino akainuka, magoti yakilalamika,
akafungua dirisha la upande wa mto,
akavuka chumba polepole, akafungua la barabarani.
"Hewa ni mgeni. Mpe pa kuingia
na pa kutokea, hatakuudhi."
Mvua ikaja hadi kwenye mkeka.
"Tutakufa kwa baridi!" akasema Eulogia.
"Baridi ina blanketi, Eulogia. Hewa mbovu haina."

Mia saba na tisini. Mia saba na kumi.
Tulikitazama kisanduku kile
kama watu wanaosubiri matokeo ya bahati nasibu.

Kisha upepo ukatoka bondeni,
ukalibamiza dirisha la mto mara moja, mara mbili.
Belarmino akatafuta kitu cha kulizuia.
Akatazama huku, akatazama kule.
Akaenda hadi kwenye bomba la joto,
akakibeba kiti cha Senén kwa mikono miwili,
akapumzika njiani mara moja, akakisogeza hadi ukutani,
na mgongo wa kiti ukalishika dirisha, wazi.

Nilitaka kusema neno. Kidirisha changu kilikuwa na ukungu.
Mvua ikaanza kulowesha kalio la kiti.
Herminio akakohoa ndani ya kiwiko, kama tulivyofundishwa,
akatazama vipande vyake.

"Haya," akasema. "Zamu ya nani?"