Ndoo ya Tatu

Alhamisi ile lori lilikuwa limeshawashwa
ilipofika baiskeli ya shemeji, ndoo tatu nyuma,
zimekabwa kwa mpira kama watoto wasiotaka safari.

Mimi ndiye mpimaji wa ghala la asali, Ipole.
Kazi yangu ni tone moja.
Nalidondosha juu ya kioo, nalifunika,
naelekeza jicho kwenye mwanga wa mlango,
nasoma pale buluu inapokutana na nyeupe.
Ishirini na moja, karibu. Ikizidi hapo, rudi nayo.
Sheria haina mdomo; mdomo ni wangu.

Ndoo ya kwanza, kumi na tisa.
Ya pili, ishirini.
Ya tatu nikasoma, nikafuta kioo kwa pindo la kanga,
nikasoma tena, kana kwamba tone lingenionea huruma.
Ishirini na nne.

Nkwabi hakusema kitu. Alijua.
Alirina mapema, masega hayajazibwa nta,
kwa kuwa shule ya Tabora inataka ada kabla ya Jumatatu,
na mtoto mwenyewe, Kalunde, jina nilimpa mimi.

"Andika ishirini," akasema dereva, si yeye.
"Ndoo moja! Nani ataijua ndani ya pipa?"

Nikasema, ngojeni ninywe maji.

Hilo nimejifunza kwa hasara.
Ipo cherehani niliyokopa kwa sababu jirani alinicheka,
mwaka wa tatu nailipia, kuku wanaitagia.
Ipo barua ya kuacha kazi, niliyoiandika saa sita usiku,
nikanusurika kwa kukosa bahasha.
Hasira haijui kuhesabu, aibu haijui kungoja,
na shida ya umpendaye
hukutungia uongo wenye sura ya huruma.

Basi nikanywa. Kikombe cha bati, maji ya mtungi,
polepole, kama mgonjwa.
Sikujiuliza lipi jema;
swali hilo ni pana mno kwa saa tisa alasiri.
Nilijiuliza: ndani ya pipa hili, nani mwingine yumo?
Yumo Mlekwa, mjane wa Usunga, na kindoo chake kimoja.
Yumo Shija, aliyeumwa na nyuki hadi jicho likafumba.
Wamo wengine thelathini, nawajua kwa mwandiko wa vifuniko vyao.
Asali ya maji ikichacha, haichachi peke yake.

Nikaandika ishirini na nne.
Kalamu ilikwama kwenye nne, nikaikoleza.

Nkwabi akafunga ndoo. Hakuaga.

Ningependa kusema nilijisikia mwepesi.
Hapana. Tumbo lilinikaza
hadi lori likamezwa na miyombo, na baada ya hapo pia.
Kumbe uamuzi mzuri hauji na vigelegele;
mwingine ni kama mwiba ukishatolewa:
mguu bado unauma, ila sasa unauma kwa kupona.

Jioni nikasikia ndoo imefika kwa Mama Ndalahwa, mpika wanzuki.
Nusu bei, lakini fedha mkononi.
Asali iliyokataliwa kwangu ilikuwa na mlango wake,
hatua mia mbili kutoka ghalani,
na mimi mlango huo naupita kila siku.
Mbona sikumwambia?
Nilikataa sawasawa, lakini nilikataa nusu:
nilisema "rudi nayo,"
sikusema "ipeleke kule."

Sasa ni usiku. Dada hajamtuma mtoto kuomba kaa la moto
kama kila siku.
Ndani ya kopo la chumvi nina elfu arobaini,
ambayo Jumamosi ni ya cherehani.
Nimesimama mlangoni, kandambili mguu mmoja,
ya pili naitafuta kwa tochi ya simu.

Nikiiona, nakwenda.
Nisipoiona, nakwenda hivyo hivyo.
Maji nimekwisha kunywa.