Pepe

Kwa Gwakisa, nyuma ya soko la Mwanjelwa,
kompyuta zilizostaafu Ulaya zimepangwa kama matofali,
kila moja na kibandiko cha ofisi isiyonijua.
Nataka moja tu. Wiki ya tatu hii nachagua.

"Chukua hii," anasema, anaipiga seva kofi la mgongo,
"prosesa mbili, imetoka benki."
Anaiwasha. Feni zinapaa.
Muuza viazi ng'ambo ya pili anageuka
kuangalia mashine mpya ya kusaga imefunguliwa wapi.
Nalala chumba kimoja na kazi yangu, Gwakisa.
Na luku yangu naijua mpaka nukta.

Miaka kumi na mmoja nimerekodi harusi:
Tukuyu, Uyole, mpaka juu Umalila
ambako Julai bibi harusi huvaa koti juu ya shela.
Zote nilizilaza kwenye diski moja nyeusi, pana kama kiganja.
Mwezi wa nne ikakohoa. Tak. Tak. Tak.
Kisha ikanyamaza kama mtoto aliyevunja kitu.

Subilaga wa Isyesye hakutaka picha.
Alitaka ile dakika ambapo mumewe, sasa marehemu,
alisahau kiapo akacheka ndani ya kipaza sauti.
Nilimwambia: rudi Jumatatu.
Alirudi Jumatatu tisa.

Sasa nasoma vipimo kama daktari aliyechelewa.
Kumbukumbu: naitaka ile inayojikagua,
inayogundua herufi moja imeteleza usiku
ikairudisha mahali pake hujaamka.
Ni ghali. Gwakisa anasema hakuna atakayejua tofauti.
Ndicho ninachokiogopa, kwamba hakuna atakayejua.

Diski nne. Nimekataa kuzitoa boksi moja:
zilizozaliwa kiwandani siku moja
zaweza kukubaliana na siku ya kufa.
Mbili za Mwanjelwa, moja ya Kabwe,
moja Ipyana kanibebea toka Dar, kaifunga ndani ya sweta.

Mama amekuja toka Kyela na gunia la mchele.
Anapepeta sebuleni, ananiuliza
hilo boksi dogo nililolichagua mwishowe lina nini.
Namwambia ni kompyuta, ila ndani yake naotesha nyingine,
haina mwili, akili yake ya kuazima,
na hiyo ndiyo itakayotunza diski.
Tunaiita mashine pepe.

Ungo ukasimama.
"Pepe?"
Akaokota moja mkekani, ganda lisilo na punje,
akalipuliza kwa pumzi ndogo kabisa.
"Hili ndilo umelikabidhi ghala?"

Nikaeleza vibaya. Nikasema halipitii kwa mjumbe,
kuna kadi maalumu, funguo limeshika lenyewe,
linaziona diski zenyewe, si vivuli vyake.
Nikasema hata likifa, punje zinabaki;
asubuhi unaotesha pepe jingine, linazikuta zilipo.
Mama akaendelea kupepeta.
"Na umeme ukikatika?"

Hilo nilikuwa nimeliandika mwisho wa orodha,
kwa penseli.

Nikarudi kwa Gwakisa na prosesa ya kasi
niliyoinunua kwa tamaa, nikaibadilisha kwa ya kawaida
na betri nzito ya dakika kumi na mbili.
Zinatosha kuzima kwa adabu.

Usiku wa kwanza. Baridi imeshuka toka Loleza,
boksi linapumua chini ya kitanda
kama mtu anayesoma kimoyomoyo.
Nimefungua folda kwa majina ya wenyewe.
Ya kwake pia. Subilaga, Isyesye.
Haina kitu.
Mashine imeinakili kwa uaminifu, mara mbili,
na kila Jumapili usiku inaikagua upya,
inahakikisha utupu wake
haujapungua.