Jembe la Siku ya Tatu

Tumelala kifudifudi mlimani, watu zaidi ya mia,
pua zikigusa nyasi zilizoungua kwa theluji.
Tai akitutazama toka huko aliko
atadhani sisi ndio viwavi.

Hapa Dolpo shule imefungwa mwezi mzima.
Mwalimu mwenyewe yuko bonde la pili, anatambaa.
Nimekuja na Karchung, mtoto wa dada yangu,
miaka saba, meno mawili ya mbele hayajarudi,
kwa sababu macho yangu yamekwisha
na yake yangali mapya.
Dada alisema: mchukue, ila umlishe.
Nikamchukua.

Anachotafuta ni kijiti cheusi
kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka,
kimesimama kati ya majani elfu yanayofanana nacho.
"Mama mdogo, huyu hapa."
Sioni kitu mpaka aweke kidole.
Kisha jembe, jembe dogo la mkono mmoja:
nachimba kando, nainua bonge zima,
nalivunja taratibu kama anayemenya yai la moto,
maana akikatika, na bei imekatika.

Chini ya kijiti yupo mwenye nyumba.
Wa manjano. Mikunjo yote ipo, miguu yote ipo.
Alikuwa kiwavi wa nondo, akila mizizi gizani,
hana ugomvi na mtu.
Siku moja likamwangukia vumbi lisilo na uzito.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo mlangoni;
huyu hakubisha hodi.
Alianza na mafuta, akaja kwenye nyama,
ngozi akaiacha, maana ngozi ni ukuta.
Kabla ya baridi kuu akamwambia: panda.
Akapanda.
Akamwambia: elekeza kichwa juu.
Akaelekeza,
na pale, vidole viwili chini ya nyasi, akafa
kama mtu aliyekuwa akiomba.
Masika mgeni akatoboa paji la uso, akatoka nje kuota jua.

Siku mbili mgeni, ya tatu mpe jembe.
Nani ampe? Kiwavi hana mikono.
Jembe limefika, ndiyo, lakini limefika nasi,
na sisi hatukuja kumtetea mtu.

Jioni tunawasugua kwa mswaki mkavu.
Urken mnunuzi huingia hemani na mizani ya betri
na daftari lenye mchele wetu wa mwaka jana,
chumvi yetu, taa yetu ya sola.
Ingekuwa rahisi kusema Urken ndiye kuvu.
Lakini nimemwona simu ikilia,
akisimama wima humu hemani, kichwa kikigonga turubai,
"Ndiyo bwana. Ndiyo bwana. Kesho, bwana,"
jasho likimtoka kwenye baridi inayogandisha mate.
Naye anaye mgeni wake.

Usiku macho ya Karchung yanachuruzika.
Nayakanda kwa majani ya chai yaliyopoa,
nampa siagi kubwa kuliko yangu.
Nahesabu: leo kumi na saba.
Peke yangu ningepata wawili.
Nasikia sauti yangu, tamu kabisa, ikimwambia:
"Kesho tutapanda juu zaidi."

Siku ya kumi na tisa jembe likafukua mmoja asiye na kijiti.
Mzima. Mweupe, laini, kichwa cha kahawia,
akajikunja kwenye kiganja cha mtoto
kama aliyeamshwa mapema.
"Huyu ana mgeni, au hana?"
Nikamsogeza karibu na macho yangu mabovu.
Hakuna alama.
"Sijui," nikasema. "Hata yeye hajui."

Karchung akamrudisha shimoni,
akamfunika, akapigapiga udongo polepole
kama mama anavyompigapiga yeye mgongoni.
Akatazama huku na huku asije akaonwa.
Kisha akaweka jiwe jekundu juu yake,
ili mwakani apajue.