Safari ya Tisa

Sakitu ilipita Bulongwa usiku,
majani ya viazi yakaamka meusi.
Luvanda na mimi tulikuwa na jozi moja ya mabuti:
yeye la kushoto, mimi la kulia,
mguu wa pili ukajitegemea.

Mwenye msitu hakuuliza darasa. Aliuliza bega.
Ubao mbichi wa paina, futi kumi na mbili,
utomvu ukinitonea shingoni, mteremko wote utelezi,
mia tatu kwa safari.
Safari ya tisa sauti yangu ilikatika katikati ya tusi,
ikarudi nzito, ya mtu nisiyemjua.
Luvanda alicheka hadi akaangusha mzigo.

Jioni nikaweka elfu mbili na mia saba juu ya kinu.
Mama hakuzihesabu.
Alipangusa kigoda cha baba,
kilichokaa bila mtu tangu masika ya juzi,
akakisogeza motoni,
akanipakulia wa kwanza.

Ugali ulikuwa uleule.
Wadogo zangu wamenyamaza, wananingoja nimege.
Nilitaka kurudi kule mkekani
nigombanie nao ukoko.

Bega lilikuwa linawaka.
Mkono haukufika kwenye sahani.